Kulabu Kutoka Busisi

Niliondoka Buswelu kwa hasira, nisiwadanganye. Siku ya kliniki mwezi uliopita mvua ilitukuta nje ya kanisa letu, akina mama na vichanga wao, mlango umepigwa kufuli. Nesi akafungasha mizani yake akaondoka. Mjukuu wangu Neema, ambaye alikuwa anakonda, hakupimwa. Na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, maana mpiga deki wa kanisa ni mimi! Lakini Mzee Lukas, mkubwa wa wazee wa kanisa, alishakataza: watoto watakojoa ndani ya nyumba ya Mungu. Nami nikaogopa. Hilo liliniuma kuliko mvua.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda basi la Sengerema. Nilikuwa nimesikia kwamba ng'ambo, Busisi, kuna kanisa linalopima watoto ndani.

Kigongo. Zamani hapa ungesubiri pantoni mpaka muhogo wa kuchoma ukuishie mkononi. Safari hii tulipita darajani, ziwa huku na huku, hata sala yangu sikuimaliza.

Busisi, saa mbili na nusu. Kanisa lenyewe dogo kuliko letu. Mabenchi yamesukumwa ukutani, kwenye kenchi ya katikati ya paa kuna kulabu, kwenye kulabu mizani, na kwenye mizani mtoto analia kwelikweli. Mwinjilisti wao, Mama Nyamizi, akanipokea.

"Bwana asifiwe, dada."

"Amina. Wazee wenu hawasemi kitu kuhusu mikojo?"

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Walisema weee! Nikawauliza: siku ya ubatizo mtoto akikojoa mnacheka, siku ya kupimwa ndiyo najisi? Sakafu ni saruji, dada. Saruji inapigwa deki."

Akanifungia kulabu nyingine kwenye gazeti. Nikarudi nayo siku hiyohiyo, nimeipakata kama mtoto.

Alhamisi, Buswelu, siku ya kliniki. Nilifungua mlango mapema, fundi akapanda ngazi akaifunga kulabu kwenye kenchi. Mzee Lukas alipofika, mabenchi yalikuwa yamejaa akina mama.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. "Nani amekuruhusu? Lete ufunguo!"

Nikampa, kwa mikono miwili. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa.

Sikujifunza makubwa ng'ambo ya ziwa. Paa tulikuwa nalo siku zote; tulichokosa ni mtu wa kukaidi, na mtu huyo alikuwa mimi.

Neema akatundikwa. Nesi akasoma mizani, akakunja uso, akamwandikia mama yake cheti cha kwenda hospitali leo leo, asingoje kesho. Mzee Lukas alisikia yote. Mara Neema akakojoa, tiririri, palepale chini ya kulabu. Kanisa zima likamtazama mzee, na mzee akanitazama mimi.

Nikachukua tambara, nikapiga deki.

"Anayefuata!" nikaita.