Sikuuchana Ukurasa wa Machozi

Mjini Jinja nilifukuzwa kazi kwa sababu ya ukurasa mmoja uliochanika, na mpaka leo sijaomba msamaha.

Ilikuwa shule ya chekechea katikati ya mji, ndani ya jengo la zamani lililowahi kuwa duka la Wahindi, lenye nguzo mbele na popo darini. Miaka ya tisini ilikuwa imeanza tu. Wafadhili walituletea katoni ya vitabu vya picha, na mkuu wa shule, mama mpole aliyependa usafi kuliko kitu chochote, akavipiga muhuri vyote, ukurasa kwa ukurasa, hata tembo mmoja akapata muhuri kwenye jicho. Kisha akavifungia ndani ya kabati la kioo. Wakija wageni kabati lilifunguliwa, watoto wakakaa wamekunja mikono, nami nikasimama mbele na kuwaonyesha picha kutoka mbali. "Tazameni kwa macho," mkuu aliwaambia, utadhani watoto wale walikuwa na mpango wa kutazama kwa meno.

Kila jioni kioo kile kilikuwa na alama za pua, na kazi ya kuzifuta ilikuwa yangu. Siku moja nikachoka. Mkuu alipokwenda ofisi ya elimu nilichukua ufunguo kwenye droo yake, nikafungua kabati, nikawamwagia watoto vitabu mkekani. Sijawahi kusikia darasa la watoto wa miaka minne likinyamaza namna ile. Kulikuwa na kitabu kimoja cha mtoto wa Kizungu aliyepoteza mwanasesere wake, na ukurasa mzima ulikuwa uso wake akilia. Msichana mmoja alikaa nacho peke yake. Aliweka kidole kwenye shavu la yule mtoto, akampangusa. Machozi hayakufutika. Akampangusa tena, na tena, mpaka karatasi ikachanika.

Mkuu aliporudi hakupiga kelele. Alisema vitabu ni mali ya shule na mimi nimeshindwa kuilinda. Nilimjibu kwamba kabati lake linasomeshwa vizuri kuliko watoto wake. Jioni hiyo nilirudi kwetu Wanyange bila kazi. Mama yangu alikuwa akiuza samaki huko tangu baba astaafu uaskari jela, na alinipokea bila kuacha kupara samaki wake.

"Umepigana?" akaniuliza.

"Sijapigana, mama."

"Basi wamekufukuza bure. Ungepiga kwanza."

Nimezaliwa katika nyumba za askari jela, na huko kulia lilikuwa kosa kama kosa lingine. Baba alisema "Kimya!" kwa sauti ya gwaride na machozi yakarudi ndani. Yalirudi tu, hayakwisha. Nilipomwona yule msichana akimpangusa machozi mtoto wa karatasi, niliona wivu, nasema kweli. Nilitamani mtu angenipa picha kama ile nikiwa na miaka minne.

Nikahamia Mbale. Kanisa moja dogo chini ya mlima Wanale lilinipa chumba cha nyuma, na wazazi wa jirani wakaniletea watoto: Wagisu wengi, Wateso wachache, watoto wa polisi kutoka kaskazini, watoto wa Waislamu wenye maduka mjini. Mimi Kiswahili ndicho nilichonyonya, na wazazi wengi hawakukipenda, kwao ilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki anayeuliza kitambulisho. Waliniita Afande. Nikiwaambia watoto waketi, mama mmoja mlangoni alikuwa akinipigia saluti, wenzake wakacheka.

Vitabu sikuwa navyo, kwa hiyo nikatengeneza. Mfuko wa saruji una karatasi safi katikati, ukiutikisa vizuri. Majalada nilikata kwenye katoni za sabuni, gundi nilipika kwa unga wa muhogo, na nilishona kwa uzi wa gunia. Nyeusi yangu ilikuwa mkaa, nyekundu vumbi la tofali, na bluu ilikuwa ileile ya kufulia mashati meupe. Neno hata moja sikuandika. Kila mtoto alikisimulia kitabu kwa lugha ya mama yake, na wazazi wakakosa pa kulalamikia Kiswahili.

Rafu ya vitabu nilimwagiza seremala aliyekuwa na karakana karibu na kanisa, ambaye mwanawe wa mwisho alikuwa darasani kwangu. Alipoleta mbao nilimwonyesha kwa mkono: ubao wa chini uwe hapa, usawa wa goti.

"Madamu, hii rafu ni ya kuku?"

"Ni ya vitabu, fundi."

"Sasa chini namna hii? Si watoto watashika?"

"Washike."

Alitikisa kichwa, akapiga misumari. Alikuwa mtu wa maneno machache na kazi nzuri, na ubao wa juu aliuongeza yeye mwenyewe, bila kuombwa, "kwa vitu vya maana."

Kitabu kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa cha jogoo. Mtoto anapewa kifaranga. Anamlisha, anamfukuzia mwewe, kifaranga anakuwa jogoo. Halafu wanakuja wageni, bibi anashika kisu, na kila mtoto wa Mbale anajua mgeni akija nani anakufa. Ukurasa unaofuata ni uso wa mtoto akilia huku ameshika paja la kuku mkononi, uso umejaa kutoka ukingo mpaka ukingo, na machozi niliyachora kwa bluu. Ukurasa wa mwisho niliuacha mtupu. Huo ulikuwa wa msomaji. Kila mtoto alichora mwisho wake, na ukijaa nilishona mwingine, kitabu kikazidi kunenepa. Mmoja alimfufua jogoo. Mmoja alimfanya jogoo amle mgeni. Mtoto wa polisi alichora jela, na ndani ya jela akamweka bibi aliyechinja. Wakifika kwenye uso ule walinyamaza, wengine wakalia kidogo, kisha wakaomba mkaa. Kitabu kilikwenda kulala kwa kila mtoto kwa zamu.

Mwaka huo ulikuwa mwaka wa imbalu. Kwa asiyejua: kijana wa Kigisu anasimama uani kwa baba yake, mbele ya ukoo na majirani, ngariba anamtahiri, na kijana hapepesi jicho. Akitikisika, akitoa sauti, aibu hiyo itamfuata yeye na baba yake mpaka kaburini. Kaka mkubwa wa mwanafunzi wangu, mtoto wa kwanza wa seremala, alikuwa anasimama mwaka huo. Ngoma zilikuwa zimeanza, na kijana alikuwa akizunguka kwa ndugu akicheza, mwili umepakwa unga wa mtama.

Siku moja alikuwa amekaa kwa wajomba zake, wazee wakimtia moyo, wakimwambia simama kama mti. Ndipo mdogo wake, wa miaka mitano, akapenya katikati yao na kumwambia kwa sauti ya kusikika na wote: "Kaka, ikiuma, lia tu. Baadaye unapewa mkaa."

Ningekuwepo ningecheka mpaka nianguke. Wajomba hawakucheka.

Kesho yake seremala alisimama mlangoni kwangu, kitabu cha jogoo mkononi, na nyuma yake wazazi wengine wa kujaza benchi mbili.

"Madamu, wewe unafundisha mtoto yangu kulia?"

"Kulia alijua tangu siku aliyozaliwa, fundi. Mimi namfundisha kuchora."

"Usicheze na mimi. Kijana yangu anasimama wiki hii. Akitingisika hata kidole, mimi nitapita wapi? Hii karatasi," akafungua kwenye uso ule, "hii karatasi imeingiza woga katika nyumba yangu. Itoe. Itoe sasa, watu waone, maneno ikwishe."

Sikuwa nimesema neno juu ya imbalu, na sisemi leo. Mila ya watu ni ya watu. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kitabu changu hakina kisu cha ngariba, kina kisu cha bibi na jogoo. Mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, mtu wa Kiswahili kizuri, alinyanyua kidole: "Mwalimu, wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye."

"Sawasawa, bwana. Lakini mimi sichelei wakilia. Wanaochelea ni ninyi."

Hapo maneno yakawa mengi. Mzee wa kanisa alinisihi kwa upole, karatasi moja tu, mwanangu, ya mfuko wa saruji. Ningeweza kuichana na kuchora nyingine baada ya imbalu, nani angejua? Watoto wangejua. Walikuwa wamejazana dirishani wakitutazama, yule mdogo mbele yao, na mimi nilikuwa nimeshika ule ukurasa. Nilikwisha kufukuzwa kwa karatasi iliyochanwa na mtoto kwa huruma. Ya kuchanwa na watu wazima kwa woga isingepita mkononi mwangu. Nikakifunga kitabu, nikakirudisha kwenye rafu ya chini, nikasema kama wanataka wachane nyumba nzima.

Waliamua wenyewe, nikisikia. Kijana akisimama vizuri, nitaachwa. Akitikisika, kila mzazi atamchukua mtoto wake na kanisa litachukua chumba chake. Kazi yangu yote ikawa imewekwa juu ya magoti ya kijana ambaye sikuwahi hata kusalimiana naye.

Siku ya kijana kusimama nilikwenda. Ningejificha wangesema nimekimbia. Ua ulijaa watu mpaka kwenye migomba, ngoma zinapiga, kijana akaingia mweupe kwa unga, akashika fimbo mabegani na kutazama mbele. Niliogopa. Kitabu changu kizima kilikuwa kinanizunguka kichwani. Mdogo wake alikuwa karibu nami, akanishika sketi. Ngariba alipoinama, yule mdogo akaangua kilio, kilio cha kweli, kinywa wazi. Mjomba mmoja akageuka kwa hasira. Nikambeba mtoto, nikamweka begani, nikamwacha alie sikioni mwangu.

Kaka yake hakutikisika. Jicho halikupepesa. Filimbi ya kumaliza ikalia, wanawake wakapiga vigelegele, watu wakaruka, na seremala akarushwa juu na wenzake. Kisha sikumwona tena, na mdogo naye akashuka begani kwangu, akapotea migombani. Mama wa saluti alinisogelea akaniambia nimshukuru Mungu. Nilimwambia namshukuru, na ukurasa bado upo.

Jumatatu yake watoto walirudi. Wakati wa kwenda nyumbani nilimwona yule mdogo akichukua kitabu cha jogoo na kukisukuma ndani ya shati, tumbo likawa la mraba. Baba yake alikuwa amekataza kitabu hicho kuingia kwake. Nilimpa mgongo, nikaanza kufagia.

Siku chache baadaye seremala alikuja peke yake, asubuhi, kabla ya watoto. Kitabu alikifunga kwenye gazeti. Alikaa kwenye benchi aliyoitengeneza yeye mwenyewe, ndogo mno kwake, magoti yakamfika kidevuni.

"Kijana anapona?" nikamuuliza.

"Anapona."

Akafungua kitabu mpaka ukurasa wa mwisho. Mtoto alikuwa ameutumia wote. Kulikuwa na migomba, mistari mingi ya mkaa. Nyuma ya migomba alikaa mtu mkubwa, peke yake, uso ameufunika kwa mikono, na katikati ya vidole ilipita bluu. Bluu nyingi, alikuwa ameimaliza ya mama yake. Mbele ya yule mtu mkubwa alisimama mtu mdogo, ameshika mkaa, anampa.

Kwanza nilidhani ni kaka yake.

"Mimi pia nilifikiri ni kijana," seremala akasema. "Nikataka kumpiga huyu mdogo. Nikamuuliza, huyu mkubwa anayelia ni nani?"

Nikainamia picha.

"Akasema, ni wewe, baba. Siku ya imbalu. Nilikuona."

Nje watoto wa kwanza walikuwa wameanza kufika. Seremala alitazama mlango, akatazama ile picha, akapitisha kidole kwenye bluu, taratibu, kama anayepima mbao.

"Hii karatasi, Madamu. Inaweza kutoka?"

"Haitoki, fundi. Ni ya mtoto."

Nilikuwa tayari kwa ugomvi. Nilikuwa hata na maneno yangu yamepangwa. Lakini alifunga kitabu, akakishika kwa mikono miwili, akanipa.

"Basi iweke kule juu," akasema, akinionyesha ule ubao wake wa vitu vya maana. "Watu wasione."

Nikakipokea, nikasema asante. Kisha nikainama mbele yake, nikakiweka kwenye ubao wa chini, usawa wa goti. Alinitazama nikifanya hivyo. Mwanawe aliingia, akatupita sote wawili bila salamu, akakichukua.