Daftari la Dada Mtu

Mama muuza mihogo wa shuleni kwetu Msimbu ana vidole vilivyokomaa kwa mafuta ya moto, hivyo kurasa za daftari huzifunua kwa kifundo. Kila Ijumaa huingia ofisini na madaftari ya Shamsia, binti yake wa darasa la tatu, ameyafunga kwenye kitenge kama kabeba kichanga. Huongea chinichini mpaka mwalimu mkuu analazimika kumwinamia, na mtu akishakuinamia, nusu ya kesi umeshinda. Ombi lake ni moja tangu Januari: Shamsia akasome hesabu na darasa la tano, maana kwenye la tatu humaliza mapema, akaanza kuchekesha wenzake, akatolewa nje.

"Mama, kila mzazi ana mwenye akili nyumbani kwake," mkuu alimwambia Ijumaa iliyopita. "Ushahidi uko wapi?"

Mama akatoa daftari la dada mtu, wa darasa la sita, limejaa vema nyekundu. "Hesabu zote hizi kafanya Shamsia. Mkubwa anamlipa kwa kumfulia soksi."

Kisha akajiziba mdomo. Alikuwa amemchongea binti yake mkubwa kwa mwalimu wake wa hesabu, yaani mkuu mwenyewe.

Mkuu akazitazama vema alizoziweka kwa mkono wake. Sisi walimu wa kujitolea tukajifanya tunatafuta chaki. Mkuu akacheka mpaka miwani ikaanguka.

"Jumatatu mdogo aende la tano. Mkubwa hesabu zake atafanyia hapa, mezani kwangu."

Mama akashusha pumzi, akakaa kwenye kiti alichokuwa akikikataa tangu Januari, akaomba maji ya kunywa.