Goti la Mke Mwenzangu

Huku kwetu bibi na mjukuu wake wa kike ni wake wenza, maana mume wao ni mmoja, babu. Wangu ana miaka sita, na tangu ajue kusema ananiita mke mwenzangu, nami namwita vivyo hivyo. Alipoanguka mkoroshoni akavunjika paja, akapasuliwa na kutiwa chuma, mamake alikuwa na kibarua hotelini Diani na hangeweza kukiacha. Nikaingia naye wodini mimi.

Kuingia ni rahisi, kutoka ndiyo kazi. Tulilala kitanda kimoja, yeye kanyosha mguu, mimi nimejibana ukingoni. Dirisha lilikuwa na wavu, na nyuma ya wavu kulikuwa na ukuta. Bahari ya Msambweni nikiisikia harufu tu, siioni. Huko Waa mihogo yangu ilikuwa ikifukuliwa na nguruwe mwitu, najua, na mimi nimekaa kitako nahesabu vigae vya ukutani. Nilifika mahali nikawaonea wivu wafagizi, kwa sababu jioni walikwenda kwao.

Kidonda kilipona, goti likagoma. Daktari wa mazoezi, binti wa bara ambaye hata shikamoo alijifunzia kwetu, alituambia wazi: mtoto ataruhusiwa siku atakayoketi chini akainuka mwenyewe, kwani nyumbani choo ni cha kuchutama na chakula ni mkekani. Goti likikauka vile lilivyo, itabidi arudishwe chumba cha upasuaji. Maneno hayo yalinikata maini.

Basi kila asubuhi tandiko likawekwa sakafuni, na kila asubuhi mke mwenzangu akang'ang'ania kitanda akalia kama anachinjwa. Mimi nami roho hainipi, nambeba namrudisha juu.

"Shosho, ukimbeba hivyo mtazeekea hapa," daktari akaniambia.

Shosho, mimi, kama bibi kizee wa huko kwao bara. Nilinuna mpaka adhuhuri, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba alisema kweli.

Siku moja mtoto alikatiza kilio akaninyoshea kidole. "Mbona mke mwenzangu haketi chini? Hata swala anaswalia kitini."

Wodi nzima ikacheka. Nilitamani nijifunike shuka. Magoti yangu yameniacha siku nyingi, na sakafu niliiaga zamani. Lakini yule binti hakucheka, alinitazama tu. "Basi na shosho afanye," akasema.

Ningefanyaje? Nilijikaza kisabuni nikashuka, nimeshika kitanda huku na daktari kanishika kule, na kelele nilizopiga zilimshinda mtoto. Hapo ndipo alipopata raha yake. "Pinda, mke mwenzangu, usijitie ugonjwa," akawa ananikemea kila asubuhi, na kwa kunicheka akasahau kulia. Goti lake likaanza kupinda. Kidogo, kisha kidogo tena. Langu likabaki pale pale, linakwaruza kama bawaba yenye kutu.

Ikafika asubuhi aliyopita daktari mkubwa, yule aliyempasua. Akataka kuona. Tukashuka sote wawili, maana bila mimi mtoto hakubali. Akaweka viganja sakafuni, akavuta mguu mzima, akauma mdomo, akajisukuma. Mguu ukatetemeka nami nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa amesimama, hajashika kitu. Machozi yalinitoka bila haya. Daktari mkubwa akasema aende nyumbani leo hii.

Nikataka kuinuka nimkumbatie. Ng'o. Nikashika kitanda, kikanikimbia na magurudumu yake. Nikabaki chini, miguu mbele, kanga begani.

Mke mwenzangu alichukua magongo yake akaenda hadi mlangoni. Akageuka, akanitazama kwa huruma ya kweli, kisha akamwambia daktari, "Huyu mbakisheni. Bado hajui kuinuka."

Watu wakacheka sana. Mimi sikucheka. Mlango ulikuwa wazi, mtoto yuko upande wa pili, na kwa dakika ile niliamini kabisa kwamba watanibakisha.