Klachi ya Kornel Masolwa

Abbasi bin Hamisi hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na subira tu, na mtu asiye na subira akipewa kazi ya kutengeneza magari ya watu, ni kama mwenye mafua aliyepewa kazi ya kuuza pilipili. Ufundi aliusomea jeshini, wakati wa vita vya Hitla. Aliporudi Tabora alifungua gereji uani kwa marehemu baba yake, akawa fundi anayetafutwa na mji mzima na kuogopwa na mji mzima. Mkewe, Mwanahawa, alizoea kusema, "Mume wangu anayapenda magari. Wenye magari ndio hawawezi."

Na katika wenye magari wote, hapakuwa na aliyemchosha kama Kornel Masolwa wa Ipuli.

Masolwa alikuwa mtu mzima, mnene, mpole, Mkatoliki wa kusali kila Jumapili. Alikuwa na lori moja kuukuu ambalo alilitumia kusomba tumbaku na asali kutoka Urambo. Mchanga wa njia ile ulikuwa umekwisha kula klachi mbili za lori lake. Basi siku moja akaja gerejini amekumbatia kasha la mbao kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Shikamoo, fundi," alisema kwa utani, maana yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri. "Nimepata klachi ya kiume."

Abbasi akafungua kasha. Ilikuwa klachi mpya, bado ina grisi yake, mabaki ya ule mradi wa karanga uliokufa kule Urambo. Iliundwa kwa ajili ya malori makubwa zaidi. Springi zake zilikuwa nene kama vidole vya mkulima.

"Hii si ya gari lako."

"Haiingii?"

"Itaingia. Lakini si ya gari lako."

"Kama itaingia, basi si ni ya gari langu?"

Abbasi akashusha pumzi. Akalala chini ya lori, akateremsha gia boksi, akaanza kazi. Ilibidi achonge hapa, atoboe pale, na muda wote huo Masolwa alikuwa amechuchumaa ubavuni akiuliza. Hii inafanya nini? Na hii? Mbona ile ya zamani haikuwa na hii? Mwishowe Abbasi alitoa kichwa nje, uso umejaa mafuta, akasema, "Bwana Masolwa, ukiuliza tena nitaifunga kinyumenyume."

Kazi ilipokwisha, alirekebisha nati ya fimbo ya klachi, akahakikisha pedali inacheza kidogo kabla ya kuanza kukaza. Kisha akampa masharti. "Klachi hii ni kali na bado ni mbichi. Endesha pole pole bila mzigo mpaka pleti yake, ile sahani inayosuguana, ikae vizuri. Na mguu wako usiuegemeze kwenye pedali. Ukikanyaga, kanyaga. Ukiachia, achia, weka mguu sakafuni. Umesikia?"

"Nimesikia."

Lori likaondoka gerejini kwa kuruka kama chura, likazimika. Likawaka, likaruka tena, likazimika mbele ya msikiti, waumini wakitazama. Abbasi aliingia ndani asione zaidi.

Haukupita muda mrefu Masolwa akarudi. "Fundi, pedali imebadilika. Mwanzo ilikuwa inalegea kidogo juu, sasa hailegei."

Abbasi alikuwa na injini ya mtu mezani na jasho machoni. "Unaegemeza mguu!"

"Siegemezi, fundi. Naweka sakafuni kama ulivyosema."

"Watu wote wanaoegemeza husema hawaegemezi! Bwana Masolwa, nimechoka. Klachi nimefunga, masharti nimetoa. Jifunze kuendesha, na usirudi hapa kwa ajili ya klachi hiyo."

Masolwa akavaa kofia yake, akaondoka. Hata hivyo, kwa kuwa hakuwa mtu wa kinyongo, binti yake Pelagia alipokuwa anaolewa Urambo, alipita kwa Abbasi kumwalika arusini. Mwanahawa akajibu kwa niaba ya mumewe kwamba atakwenda.

Hivyo ndivyo Abbasi alivyojikuta asubuhi ya arusi amekaa mbele ya lori lile katika kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Bibi arusi alikaa katikati akiwa ameshikilia shela lake, na nyuma walijaa shangazi, wajomba, ngoma na masufuria. Alikuwa ameamua jambo moja: ataukodolea macho mguu wa Masolwa mpaka aukamate.

Wakatoka mjini, wakaingia katika msitu wa miombo. Abbasi akatazama. Mguu ulikanyaga, ukaachia, ukarudi sakafuni. Kilima, bonde, mchanga, kila mara ukarudi sakafuni na kutulia pale, kama mguu wa mtu aliye kanisani. Abbasi akaanza kuudhika kwa kukosa cha kuudhikia.

Ndipo harufu ikaja. Harufu ya klachi inayoungua haijifichi. Injini ikalia kwa nguvu, lori likazidi kupunguza mwendo, na katikati ya mchanga likasimama. Nyimbo nyuma zikakatika.

"Kornel!" Leonia, shangazi wa bibi arusi, alichungulia kutoka juu. "Si nilisema tupande treni? Si nilisema? Padri anatusubiri, na sisi tumepandwa hapa kama mihogo!"

"Subiri, dada."

"Mimi nasubiri. Padri je?"

Pelagia alianza kulia taratibu ndani ya shela. Masolwa alizima injini. Alimtazama Abbasi tu, na katika macho yake hapakuwa na lawama, jambo ambalo lilimuudhi Abbasi kuliko lawama yenyewe.

Abbasi akainama, akaisukuma pedali kwa mkono. Ilikuwa ngumu tangu juu kabisa. Haikucheza hata kidogo. Akabaki ameishika, damu ikimpanda usoni, kwa sababu pale pale alielewa. Pleti mpya inapojikalisha hupungua unene, na inapopungua, ile nafasi ya pedali kucheza hutoweka. Beringi hubaki inasukuma klachi wakati wote, bila mguu wa mtu. Dawa yake ni kulegeza nati mara moja baada ya siku chache za kwanza. Kila fundi anajua. Yeye mwenyewe alijua. Na mwenye gari alikuja kumwambia kwa kinywa chake, akafukuzwa.

Akalala mchangani na kanzu yake. Klachi ilipopoa, akalegeza nati, akajaribu, akalegeza tena. Alipotoka alikuwa na mstari wa grisi kutoka shingoni hadi magotini.

"Si mguu wako," alisema.

"Nilikuja kwako, fundi."

"Ulikuja."

"Ukanifukuza."

"Nilikufukuza, Bwana Masolwa. Nisamehe."

Masolwa aliitazama ile kanzu. "Panda," alisema, "tumechelewa."

Pleti ilikuwa imeshababuka, kwa hiyo kila palipokuwa na mchanga watu wote waliteremka wakatembea, isipokuwa bibi arusi. Leonia alitembea akisema, na alisema mpaka Urambo. Walifika jua limeshapinduka. Padri alikuwa na njaa na hakuficha, lakini alifungisha ndoa.

Katika karamu, Abbasi aliwekewa nyama ya mbuzi aliyechinjwa na Mwislamu mwenzake wa pale. Kabla hajatia mkono, Lugembe, mjomba wa bwana arusi, akapaza sauti akicheka, "Huyu Kornel tangu zamani hajui kuendesha! Klachi ngapi sasa?"

Watu wakacheka. Masolwa naye akacheka, akiangalia sahani yake.

"Anajua," Abbasi alisema kwa ukali mpaka kicheko kikafa. "Kosa ni la fundi. Fundi ni mimi."

Masolwa akasukuma bakuli la mchuzi karibu naye. "Kula," alisema. "Unapoa."

Siku chache baadaye lori lilikuwa tena uani kwa Abbasi. Akalala chini yake, akateremsha gia boksi upya ili abadilishe pleti. Alitukana tangu nati ya kwanza hadi ya mwisho, ila safari hii hakumtaja mtu.