Uji Laini wa Mama Boaz

Pale Kambarage watu walimsifu Mageni kwa uji wake. Asubuhi uji wa ulezi, mchana ugali uliovurugwa ndani ya mchuzi mpaka ukawa majimaji, jioni uji tena, wa maziwa na karanga zilizosagwa zikasagika. Mume wake Ngassa, aliyemtelekeza kwa miaka mingi, alikuwa amerudi kutoka Geita akiwa mgonjwa, naye alimpokea, akamfulia na kumlisha.

"Huyo ndiye mke," walisema wanawake kwenye mashine ya kusaga. "Mimi ningemfungia mlango."

Hawakujua kwamba kila kikombe kilikuwa kisasi.

Mageni alizaliwa upande wa Kishapu, kwenye nyumba ambayo haikukosa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama vijiti. Yeye aliyatafuna makavu, kwa chai. Siku za mwanzo za ndoa Ngassa alipenda kumsikiliza akitafuna. "Mke wangu akila, jirani anajua," alisema, na wote wawili wakacheka.

Kabla hajafika miaka arobaini, Mageni alipata uvimbe, madaktari wakamtoa kizazi pamoja na ovari. Mwaka uliofuata Ngassa alihamia Geita, akapata duara lake, shimo la kuchimba dhahabu, na pembeni ya duara akapata mke mdogo. Huku nyuma meno ya Mageni yakaanza kucheza. Ndugu wakamshauri kama wanavyoshauriana nyumba zote za huko: meno yamechoka, yapumzishe, kunywa uji. Akatii. Alikunywa uji miaka na miaka, na meno yakazidi kulegea.

Kisha ikaja siku ya kuwapokea wakwe wa Boaz, mtoto wao. Ngassa alifika na mke mdogo aliyevaa kitenge kipya. Nyama ilipopita, aliizuia sinia isimfikie Mageni, akamsukumia kikombe mbele ya wageni.

"Kunywa, bibi. Nyama waachie wenye meno."

"Kaka nawe!" alisema Martina, dada yake Ngassa, huku ameshika mbavu. "Si umtafunie basi, ameze!"

Wageni wakacheka. Mageni alikunywa ule uji wote, na kabla kikombe hakijaisha alikwisha kuapa.

Wiki ile ile alikwenda kwa daktari wa meno, mama mmoja mkali aitwaye Zuhura. Daktari aliitazama picha ya taya akaguna.

"Nani alikwambia uache kutafuna?"

"Wote."

"Basi wote wamekuponza, Mama Boaz. Homoni za kike ndizo zilizokuwa zinalinda mifupa yako. Ulipotolewa ovari zikakauka mapema, mfupa ukaanza kupungua. Na mfupa wa taya unaishi kwa kazi. Ukitafuna, unasukumwa, unajijenga. Wewe ukaunyima kazi wakati ule ule ulipoihitaji. Fizi nazo zimeoza kwa kutosafishwa."

"Utarudi?"

"Hautarudi wote. Tutalinda uliobaki."

Alimsafisha fizi, akang'oa meno yasiyofaa, akamtengenezea ya bandia yaliyojishikiza kwenye magego mawili yaliyobaki imara. Alimwanzishia vyakula laini, kisha vigumu zaidi kidogo kidogo. Mwishowe Mageni alirudi kwenye matobolwa. Alitafuna polepole, pande zote mbili, na kila alipotafuna alimfikiria Ngassa.

Kwa hiyo Ngassa aliporudi na saratani ya tezi dume, mke mdogo akiwa ameshakwenda zake, Mageni hakumfungia mlango. Alimpeleka hospitali mwenyewe. Ngassa akiwa bado chumba cha sindano, daktari wa pale alimwita Mageni kando.

"Hizi sindano zinazima homoni za kiume. Zinaubana ugonjwa, lakini mifupa yake itapungua, hata ya taya. Meno bado anayo. Atembee, na ale vitu vya kutafuna. Nakutegemea wewe, mama."

Nje, Ngassa alimuuliza, "Amesemaje?"

"Amesema upumzike," alijibu Mageni. "Unywe uji."

Uongo ule haukumtetemesha hata kidole. Alikoroga uji kwa bidii ambayo hakuwahi kuwa nayo, akauchuja ili hata punje isimguse jino.

Tatizo likawa matobolwa yake mwenyewe. Alipotafuna jikoni, Ngassa aliita kutoka chumbani: "Mama Boaz, unatafuna nini? Niletee na mimi kidogo!" Angemnyima, angeshtuka. Basi Mageni aliyafungia matobolwa kwenye ndoo, akawa anakunywa uji pamoja naye, sufuria moja. Majirani wakazidi kumsifu: hata chakula chake ameacha, anakula cha mgonjwa.

Miezi ikapita. Martina alikuja kumjulia hali kaka yake, akamkuta Mageni amemshikia kikombe.

"Wabeja, mayu," alisema kwa machozi, akimshukuru kwa Kisukuma. "Nilikucheka, wifi. Mungu akulipe kwa hiki unachofanya."

"Atanilipa," alisema Mageni. Maneno yale hayakumtoka vizuri.

Martina alipoondoka, Ngassa alitema kitu ndani ya kikombe. Lilikuwa jino lake la mbele, zima, na mzizi wake.

Saa aliyoingojea ilikuwa imefika. Mageni alikwenda kwenye ndoo, akarudi na tobolwa moja gumu, akaketi mbele yake.

"Wenye meno ndio hawa," alisema, akaling'ata kwa nguvu.

Gego la kushoto likatikisika kama mlingoti kwenye mchanga. Meno ya bandia yakakosa pa kushika, yakachomoka, yakaanguka mapajani mwake. Aliweka ulimi kwenye gego: lilicheza huku na huku, jinsi yalivyocheza yale ya zamani.

Ngassa alimtazama. Kisha alichukua kikombe cha Mageni, ambacho hakikuwa na jino, akakisogeza mbele yake.

"Kunywa, Mama Boaz," alisema. Hakuwa akidhihaki. Alimhurumia.

Mageni hakukigusa. Alikaa akikitazama mpaka uji ukaganda juu. Hakupata furaha aliyojiandalia, na taya zilizoharibika sasa zilikuwa mbili, moja kwa mkono wake na nyingine pia kwa mkono wake.

Asubuhi aliloweka matobolwa kwenye chai, akayaweka sahani mbili.

"Daktari alisema utafune," alisema. "Alisema siku ile ile. Nilikuficha."

Ngassa aligeuzageuza tobolwa moja sahanini. "Kwa sababu ya kile kikombe cha siku ya wakwe?"

"Kwa sababu ya kile kikombe."

Hakumwomba msamaha, na Ngassa hakumwomba. Mageni alisogeza sahani karibu naye.

"Tafuna polepole," alisema. "Pande zote mbili. Tukimaliza, twende kwa daktari Zuhura."