Saa Tisa ya Kizungu

Kilichoninyima usingizi usiku ule ni shaka moja: nilikuwa nimemtoza mama wa watu ada ya kuchelewa, au nilikuwa nimemwibia?

Shangazi yangu ana nyumba ndogo Kitengela anayokodisha kwa wageni wa siku moja mbili. Nilipomaliza mwaka mzima na digrii bila kazi, alinipa kazi ya kuwapokea na kuandika ujumbe wanaotumiwa kabla hawajafika. Sheria ilikuwa yake, maneno yalikuwa yangu: "Mgeni atakayefika baada ya saa 9 usiku ataongeza shilingi elfu moja." Niliusoma ujumbe huo mara nyingi nikitafuta kosa la tahajia. Sikuona lolote.

Siku hiyo walitoka Kimana, mama mkulima wa vitunguu na mume wake, aliyetembea akishika ukuta. Kesho yake mzee alikuwa apigwe picha ya mgongo hospitalini. Walifika saa nne usiku. Nikawakaribisha, nikawaonyesha swichi ya maji moto, kisha nikataja ada huku nikitazama sakafu.

"Kuchelewa?" mama akashangaa. "Kwani saa zenu hapa Kitengela hukimbia? Si uliandika saa tisa? Saa tisa ni ya majogoo."

"Ni saa tisa ya Kizungu, mama. Yaani saa tatu."

Alitoa simu, akausoma ujumbe tena polepole. "Na hii barua umeniandikia kwa Kizungu?"

"Hapana, mama."

Mzee alicheka kidogo, akajishusha kitini. "Mlipe mtoto wa watu, tulale."

Akanipa noti za mia mia, moja moja. "Basi," akasema, "picha ya mgongo itangoja." Hakusema kwa hasira. Afadhali angenifokea.

Elfu ile nilimtumia shangazi palepale, kama alivyoagiza. Kisha nikalala chali nikibishana na nafsi yangu. Kwa kinywa changu sijawahi kuiita saa tatu usiku saa tisa. Vidole tu vilinakili saa ya simu. Lakini si angeuliza? Angeuliza nini, na saa tisa anaijua tangu utotoni? Nikirudisha, nitakuwa nimekiri. Nikikiri, shangazi atatafuta mtu mwingine. Na wale wageni wawili waliolipa kabla yake bila kusema neno?

Kulipokucha nikabisha mlango wao. Mama alikuwa akimfunga mume wake kamba za viatu. Nikampa elfu moja kutoka mfukoni mwangu.

"Kosa lilikuwa langu, mama. Mzee apigwe hiyo picha."

"Mungu akuzidishie," akasema bila kuinuka. "Na uandike vizuri."

Nikampigia shangazi nikiwa bado kwenye ngazi.

"Umerudisha kwa ruhusa ya nani?"

"Sikuomba, shangazi. Niliandika vibaya."

"Wewe na digrii yako yote, saa ikakushinda?"

"Ilinishinda." Nikingoja anifute kazi, nikaongeza: "Na kuna wengine wawili."

Alikata simu. Niliketi palepale kwenye ngazi, nikatafuta nambari ya mgeni wa kwanza kati ya wale wawili, nikamtumia elfu yake pamoja na maneno ya kumwomba radhi. Kisha nikatafuta ya pili.