Mraba Mgongoni

Kazini walimwita Kengele, na hawakumpa jina hilo kwa mapenzi. Alikuwa mpiga eksirei katika chumba cha kuzibulia mishipa ya moyo, chumba chenye baridi ya kiyoyozi ambamo mgonjwa hulala chali juu ya meza nyembamba huku daktari akimpenyezea waya kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi moyoni. Waya ule daktari hauoni ila kwenye skrini, na skrini huonyesha pale tu anapokanyaga kanyagio lililo miguuni pake. Akikanyaga, mionzi hutoka chini ya meza, ikaingia mgongoni mwa mgonjwa na kutokea kifuani. Akiinua mguu, inakoma. Ni jambo dogo kama kuzima taa unapotoka chumbani, na kama taa, watu husahau.

Wote waliofanya kazi humo walivaa aproni nzito zenye madini ya risasi, ya kuzuia mionzi. Aliyekuwa hana kitu ni mgonjwa, maana picha ni yake. Kengele aliliwaza sana jambo hilo, kwamba aliye hatarini kuliko wote ndiye aliyelala, amepewa dawa ya kumtuliza, na anashukuru.

Kwa hiyo alisema. Daktari alipogeuka kuongea na nesi huku mguu umebaki chini, alisema, "Mguu, daktari." Mashine ilipolia mlio wake wa kuhesabu dakika, aliutaja muda kwa sauti, asije mtu akasema hakusikia. Kazi ilipokuwa ndefu aliomba mashine igeuzwe pembe kidogo, mionzi isikae ikichoma ngozi mahali pamoja.

"Huyu mama akifa," daktari aliwaambia manesi siku moja, "tutamzika na betri zake."

Walicheka, naye akacheka. Daktari hakuwa mtu mbaya. Watu walioletwa wamebebwa, yeye aliwarudisha kwao wakitembea. Alikuwa na mikono ya dhahabu, ila mikono ya dhahabu haipendi kuambiwa habari za mguu. Mwishowe Kengele alihamishiwa chumba cha vifua na mifupa, kule mwisho wa ukumbi, akaambiwa ni kwa ajili ya kumpumzisha. Nafasi yake akapewa mwenzake mpole, ambaye mashine ikilia aliizima kwa kidole bila kuinua macho.

Ndipo mdogo wake akaugua. Alikuwa fundi wa makochi, bonge la mtu, na alipocheka hata majirani walijua yuko nyumbani. Mishipa miwili ya moyo wake ilikuwa imeziba. Kengele mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwombea kwa daktari asikawizwe. Siku ilipofika, utaratibu ulimkataza ndugu kuingia, akabaki chumbani kwake akipiga vifua vya watu. Vuta pumzi, izuie, iachie. Yake hakukumbuka kuiachia. Kule ndani walianza watu wakinywa chai ya asubuhi, na daktari alipotoka, fulana imemganda mgongoni, jikoni walikuwa wameshaosha vyombo vya mchana.

"Ndugu yako mbishi mpaka mishipani," alisema. "Lakini mshipa mmoja umefunguka. Wa pili tutauzibua akishapata nguvu."

Kengele alimshika mikono yote miwili. Hakuuliza mguu ulikaa muda gani, wala kama mashine iligeuzwa. Siku ile hakutaka kuwa Kengele.

Wiki zikapita. Mgongo wa mdogo wake ukaanza kuwasha, ukaiva wekundu, kisha ngozi ikachubuka. Mkewe, mshona mapazia asiye na maneno mengi, alikuwa akimkanda mgongo kwa chupa ya maji moto iliyoviringishwa kitambaa, maana tangu atoke hospitali alilalamika kwamba meza ile ilimvunja. Mama mtu, aliyehamia pale kumwuguza mwanawe, alipoiona ngozi hakuuliza mara mbili.

"Umeniunguzia mtoto," alisema. "Daktari kamtoa kaburini, wewe unamkaanga."

"Mama, maji yalikuwa ya vuguvugu. Niliyajaribu mkononi kwanza."

"Mkono uliozoea pasi unajua nini?"

Maneno yakatoka nje ya nyumba kabla ya moshi. Mashangazi wakapiga simu. Mmoja alishauri mkwe arudi kwao kidogo, mpaka kidonda kipone na hasira zipoe. Kengele akaitwa aje aone, kwa kuwa yeye ni mtu wa hospitali. Wifi yake alimfungulia mlango bila kumtazama usoni, kama anayemfungulia hakimu.

Mdogo wake alikuwa ameketi kwenye kochi alilolishona mwenyewe. Akainua shati. Chini ya bega la kulia palikuwa na mraba. Kingo zake zilinyooka kana kwamba zimepigwa rula, na katikati nyama ilionekana mbichi. Chupa haina pembe nne. Kengele alikuwa ameuona mraba wa namna hiyo chuoni, kwenye picha ya kitabu, na mwalimu aliwaambia kwamba moto huu hauunguzi siku unapowashwa. Huja baadaye, watu wameshasahau.

"Hii si chupa," alisema. "Ni mashine. Mguu ulikaa sana kwenye kanyagio na mashine haikugeuzwa. Ungeungua hata ungelalia pamba. Wifi hana kosa."

Mama alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko ukali.

"Mwanangu, tangu wakuhamishe una kinyongo na daktari. Usikitolee kwenye mgongo wa mdogo wako."

Kengele alimgeukia mgonjwa. Tangu utotoni huyu hakuwahi kumwita mwongo. Alikuwa akishusha shati polepole.

"Dada, mshipa wa pili atauzibua nani?"

"Yeye. Hakuna mwingine."

"Basi iwe chupa."

"Unajua si chupa."

"Najua. Lakini mke aliyeniunguza nitalala naye kitanda kimoja, tutazoeana. Daktari aliyeniunguza, nitamlaliaje tena mezani?"

Alisema kwa upole, kama anayeomba asogezewe mto. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na beseni, na hakuna neno lililompita.

Ni yeye aliyemsindikiza Kengele mpaka getini.

"Wifi, ulijua mashine ile inaweza kuunguza?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia nimwangalie mgongo."

"Sikukuambia."

"Mwenyewe haoni mgongo wake. Mimi ndiye ninayeuona." Akashika komeo la geti. "Nilishaanza kuamini ni maji yangu."

Kesho yake Kengele alimkuta daktari kwenye sinki akinawa.

"Mdogo wangu ana kidonda mgongoni. Cha mraba."

Daktari aliendelea kunawa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Umewaambia nyumbani?"

"Nimewaambia. Hawakuniamini."

Akafunga bomba. "Wa pili tutaufanya kwa pembe nyingine," alisema. "Na mlio usizimwe." Kisha akatafuta taulo. Hapo ndipo neno la kukiri lilipofika, na halikuvuka.

Mshipa wa pili ulizibuliwa salama. Kengele alisimama nje ya mlango, akausikia mlio ukilia mpaka mwisho, akamsikia mwenzake mpole akitaja dakika kwa sauti. Akamsikia hata akisema, "Mguu, daktari." Hakuna aliyecheka. Akajua kwamba mara ya kwanza pia ingewezekana.

Mdogo wake amerudi kwenye makochi yake na kicheko kimerudi. Mkewe hakupelekwa kwao, walisema wamemsamehe. Lakini kidonda cha mgongoni kimekataa kufunga, na sasa wanazungumzia kukata ngozi pajani ili kuziba pale. Kila asubuhi mke huleta beseni na pamba, akapiga magoti nyuma ya kochi. Mama hunyoosha mkono kwanza, akatumbukiza kidole ndani ya maji na kukishikilia humo, mkwe akingoja, macho chini.

Kengele aliwakuta hivyo Jumapili moja.

"Mama, ni maji ya bomba tu hayo."

"Najua," mama alisema, kidole kingali ndani. "Nahakikisha tu."